Fundi Salha na Breka ya Mzee Asheri

Ukiuliza kitongojini kwetu fundi Salha Yunus ni nani, utaambiwa ni yule mwanamke wa Hedaru aliyefunika paneli za jua kwa mablanketi. Basi, hilo tu. Amewasha taa juu ya kitanda cha kujifungulia, friji ya chanjo inanguruma mchana kutwa, na wao wanakumbuka mablanketi. Sisi watu wa milimani tuna kumbukumbu nzuri sana, ila tunachagua cha kuweka.

Mimi ni Rogathe, mama Victoria. Nalima tangawizi na maharage, juu kidogo ya Mhezi, na ni katibu wa kamati ya umeme wa zahanati yetu kwa sababu ya mwandiko wangu. Sikuchaguliwa kwa akili, hilo niliambiwa waziwazi. Mwenyekiti ni mzee Asheri, ambaye anajua mambo yote, pamoja na yale ambayo bado hayajatokea. Mjumbe wa tatu ni Rodrick, ambaye humkubalia mzee kabla mzee hajamaliza kusema. Kwa kamati makini kama hiyo umeme ulichelewa miaka minne tu.

Salha alipanda kwetu mwezi wa sita, wakati ambao hata mbuzi huku hawataki kutoka bandani. Alikuwa na ovaroli ya bluu, ushungi mweusi na begi la zana mgongoni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, asiye na haraka. Mzee Asheri alimtazama, akatazama nyuma yake barabarani, akangoja.

"Fundi mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

"Shikamoo mzee. Fundi ndiye mimi."

"Marahaba." Kisha akamgeukia Rodrick na kuanza kusema Kipare, kile cha haraka, cha kumfungia mgeni mlango. Alisema mengi, na sehemu kubwa ilihusu wanawake na ngazi. Alipomaliza, Salha alimjibu kwa Kipare hicho hicho, taratibu, kwamba mama yake ni mzaliwa wa Chome, kwamba ameyasikia yote, na kama mzee hana la kuongeza anaomba aonyeshwe chumba cha betri. Mzee Asheri alikohoa muda mrefu sana kwa mtu asiye na kikohozi.

Chumba hicho ndicho kilichoninyima raha tangu siku ya kwanza. Kamati yetu, kwa hekima yake, ilikuwa imepanga betri zikae chumba kinachopakana na chumba cha kujifungulia, ukuta mmoja, dari moja ya mbao. Na mwanangu Victoria, mtoto wangu pekee, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa imekaa, na alitakiwa ajifungulie pale pale, kitanda kimegusa ukuta ule. Kila nilipozitazama betri zile nilimwona Viki upande wa pili. Niliogopa, na sioni aibu kusema.

Kazi ilianza kwa msaragambo, kama kazi zote za huku. Pembe ikipigwa, kila kaya inatoa mtu, na kila mtu anataka mkono wake uonekane kwenye kazi ili mwakani aweze kusema, hii nimejenga mimi. Walikuja watu sitini kukaza skrubu. Skrubu zenyewe hazikufika arobaini.

Salha aliwashukuru wote, akawapa mchanga wa kubeba. Kwenye nyaya hakumruhusu mtu. Kisha akapanda juu ya bati na mablanketi manne ya wodini, akazifunika paneli moja moja na kuzifunga kamba. Watu wakacheka mpaka wakaweka ndoo chini. Rodrick akauliza kama paneli zina homa.

"Jua halina swichi, kaka," Salha akamjibu kutoka juu. "Paneli ikiliona tu, waya una umeme. Nikitaka niushike salama, lazima nizifunike."

Nilikaa nikimtazama siku nzima, nikisingizia kuandika. Alikata waya, akaumenya, akaukaza, kisha akauvuta mara tatu kwa nguvu, na ukilegea hata kidogo alianza upya. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kila breka, ile swichi ya kukata umeme, aliishusha kwanza ndipo akaunga, na betri aliziacha mwisho kabisa. Sijawahi kumwona mtu akirudia kazi yake mwenyewe bila kugombezwa. Kwetu ni jambo geni.

Siku ya tatu zawadi ikafika.

Lazima nieleze jambo hapa. Huku kwetu kitu cha kujitolea kina jina la aliyetoa. Benchi la kanisani lina jina la familia, sufuria za jiko la usharika zina majina, hata sepetu ya kuchimbia makaburi ina jina, na siku ya mazishi wenye sepetu huitazama kwa fahari. Kitu chenye jina hakikataliwi wala hakifichwi. Ukikiweka kabatini umeiweka familia nzima kabatini.

Sasa mwana wa mzee Asheri, Anderson, anayeishi Dar es Salaam na kufanya kazi ambayo baba yake huieleza tofauti kila mwaka, alikuwa ametuma breka kwa basi. Breka kubwa, nzuri, nyeupe. Kabla Salha hajaiona, mzee alikuwa ameshampa mchoraji aiandike kwa rangi ya mafuta: FAMILIA YA MZEE ASHERI. Herufi zilijaa mpaka ubavuni.

Salha aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akasoma maandishi madogo ya kiwandani, yale machache ambayo rangi haikuyafunika.

"Mzee, asante sana. Lakini hii ni ya umeme wa nguzo. Unaona hiki kimstari cha mawimbi? Ni alama ya AC. Betri na paneli ni umeme wa DC, unataka breka yake."

"Yako ni ya ngapi?"

"Amperi mia moja ishirini na tano."

"Na ya Anderson?"

"Mia moja ishirini na tano."

"Volti?"

"Yangu themanini. Hiyo mia nne."

Mzee Asheri akatutazama wote, mmoja baada ya mwingine. "Hapa mia nne, hapa themanini," akasema. "Nimesoma mpaka darasa la saba la mkoloni, lakini nadhani mia nne bado ni kubwa."

Rodrick akatikisa kichwa kwa uchungu, akisikitikia hesabu za mafundi wa siku hizi.

Salha alieleza vizuri, kwa adabu, hata mimi nikaelewa. Breka yoyote ikikata umeme, ndani yake hutoka cheche. Umeme wa nguzo unakwenda na kurudi, unapumzika mara mia kwa sekunde, na kwenye pumziko hilo cheche inakufa. Umeme wa betri haupumziki. Unasukuma upande mmoja tu, na cheche yake inabaki hai, inayeyusha breka, na unaweza kuishusha kwa mkono ukaona umezima kumbe ndani moto unaendelea. Breka ya DC imetengenezwa kwa kazi ya kuiua cheche hiyo. Akaongeza kwamba breka ile nyeupe siku zote itaonekana nzima. Ubaya wake utajulikana siku moja tu, siku inayohitajika.

"Mwanangu hawezi kunitumia kitu kibaya," mzee akasema. Hapo somo la umeme likawa limekwisha.

Mchana tulikula makande, mimi na Salha, tumekaa kwenye ngazi ya zahanati. Ndipo nikaona vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunji. Nilimuuliza. Alisema ni kazi ya kijiji cha Kileo, miaka sita nyuma, nyumba ya mzee mmoja mwenye kisima cha pampu ya jua. Mzee yule naye alikuwa na breka yake aliyoipenda. Salha alimweleza, mzee akanuna, na Salha akasema 'ndiyo baba', akaifunga.

"Miezi miwili tu," akasema. "Waya ulilegea, breka ikashika moto. Nilikuwepo, nimekwenda kuangalia pampu. Nikaishusha kwa mkono, ikashuka, na moto ukaendelea. Mpini ulikuwa umeyeyuka, vidole vikabaki pale. Stoo yote iliungua. Mama Viki, ile 'ndiyo baba' niliyosema, naisikia kila nikivaa glavu."

"Kwa hiyo hapa utakataa."

"Nikikataa nikaondoka, ataitwa fundi mwingine atakayesema 'ndiyo baba'."

Jioni kamati ilikaa. Mzee Asheri akauliza nani anaunga mkono zawadi ya Anderson kufungwa. Rodrick alinyoosha mkono kabla ya swali. Na mimi, mwenye mtoto upande wa pili wa ukuta, mimi niliyesikia habari za Kileo saa chache tu nyuma, mkono wangu nao ukapanda. Mzee alikuwa ananitazama. Mashamba yetu yanapakana, mfereji wa maji unaanzia kwake. Nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba uamuzi umepitishwa kwa kauli moja.

Nilimfuata Salha chumba cha betri kumpa habari, na nilishindwa kumtazama usoni. Akauliza, "Walisema ifungwe. Walisema iungwe?"

"Walisema ifungwe tu."

Akafunga mlango. Breka yake ya DC aliiweka mle ndani, karibu na betri, kwenye boksi la kijivu lisilopendeza macho ya mtu. Ya mzee Asheri aliifunga nje ukumbini, ukutani, karibu na inveta ya kugeuzia umeme wa betri, mahali pa kuonekana, usawa wa macho, kwa skrubu nne mpya. Hakuna hata uzi mmoja ulioingia ndani yake. Nyaya zenyewe zilipita ndani ya bomba la plastiki, chini ya plasta, kimya kimya. Mzee alikuja asubuhi, akarudi hatua tatu nyuma, akasema imenyooka.

Siku ya uzinduzi walikuja watu hata kutoka Hedaru. Kwaya iliimba, hotuba zikasemwa, jina la Anderson likatajwa mara saba. Salha alikaa nyuma, na jina lake halikutajwa, maana hakuna alichokitoa chenye jina. Kisha mzee Asheri, ndani ya suti yake ya harusi, akaunyanyua mpini wa breka ya familia mbele ya watu wote, na taa zikawaka, na vigelegele vikapasua bati. Mimi sikuyaona hayo. Nilikuwa chumba cha betri, mlango umefungwa, nimeshika breka ya kijivu, nasikiliza hotuba nisije nikawasha mapema. Wakati wa maombi nilikaribia kukosea.

Tulicheka na Salha siku ile mpaka machozi. Tulijiona wajanja sana.

Mvua za vuli zilianza mwezi wa kumi, na Viki akashikwa na uchungu siku ya Alhamisi, saa saba mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni mpaka madirishani, hivyo mle ndani taa zilikuwa zinawaka. Nesi Honorata alinitoa nje kwa sababu nilikuwa nasali kwa sauti. Nikakaa ukumbini.

Siku hiyo hiyo, kwa kuwa siku nyingine zote za mwaka zilikuwa na shughuli, mzee Asheri alikuja kutundika picha ya uzinduzi. Picha kubwa, ya fremu, yeye ameshika breka. Aliitaka juu kidogo ya breka yenyewe, ili mtu akitazama aone vyote viwili. Alikuja na nyundo na msumari wa inchi nne. Nilimwona. Kichwa changu kilikuwa chumba cha pili na mwanangu, nikamwamkia tu.

Alipiga mara tatu. Mara ya tatu kukatoka mlio ambao sitausahau, mwanga wa buluu, na taa zote zikazimika. Nikanusa plastiki. Mzee Asheri alikuwa amekaa sakafuni, mzima, ila bila nyusi. Na upande wa pili wa ukuta, kwenye giza la ukungu, Viki akalia.

Sikujua niende wapi. Nilifungua chumba cha betri nikitegemea moto. Hakukuwa na kitu. Betri zimekaa, boksi la kijivu limekaa, na breka ya ndani ilikuwa imejishusha yenyewe. Niliigusa ubavuni. Ilikuwa na joto kidogo tu. Nilishika ukuta nikalia, kisha nikasikia sauti nyingine ikilia kwa nguvu kuliko yangu. Honorata alikuwa amewasha tochi ya simu, na mjukuu wangu, msichana wa kilo tatu na robo, hakungoja umeme.

Sasa nadhani mnategemea kwamba watu walimshukuru Salha. Hamtujui. Watu walishaiona breka ya kijivu imeshuka, na kufikia Jumapili kitongoji kizima kilikuwa kinasema breka ya fundi wa Hedaru imezima taa mtoto akiwa njiani. Imezima hapo hapo inapohitajika. Na mzee Asheri alikuwa akiwapeleka watu ukumbini kundi kwa kundi kuwaonyesha ile nyeupe.

"Tazameni wenyewe," akisema, bila nyusi. "Ya fundi imeanguka. Ya Anderson iko juu palepale. Haikutikisika."

Watu walitazama. Kweli iko juu. Mtu mmoja akaigusa kwa heshima.

Salha aliitwa. Alifika Jumamosi iliyofuata, akatoa plasta, akakata bomba, akakuta ncha ya msumari imeyeyukia kwenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Alibadilisha nyaya zote, akavuta kila moja mara tatu, akalipitisha bomba njia nyingine. Ncha ile akaiweka kwenye mfuko wa ovaroli. Kisha kamati ikaingia ukumbini, na nyuma yetu watu kama ishirini. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni.

"Fundi," mzee Asheri akasema, "tumekaa, tumeamua. Toa hiyo ya ndani, mbovu. Nyaya zote zipite hapa, kwenye breka moja. Hii imejaribiwa, na wote tumeona."

"Hapana, mzee," Salha akasema. "Hilo silifanyi."

"Basi usihangaike. Jumatatu anapanda fundi kutoka Same. Nimeshaongea naye, na hana maneno mengi."

Salha alinitazama. Na nikaona ujanja wetu ulikotufikisha. Tulikuwa tumemtengenezea mzee ushahidi wa uongo na kuupigilia ukutani kwa skrubu nne. Jumatatu fundi asiye na maneno angeunga nyaya pale, na wiki ijayo mwanamke mwingine angelala upande wa pili. Bisibisi ya Salha ilikuwa juu ya kiti. Niliichukua. Mtu mmoja akasema, mama Viki, unafanya nini, nami nikaendelea kuzungusha, maana skrubu za Salha zimekazwa kweli.

Ya nne ilipotoka, breka ikabaki mkononi mwangu. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu, na rangi ya zamani, safi, ya mraba.

"Haijaungwa tangu siku ya kwanza," nikasema. "Ndiyo maana haikuanguka. Haikuwa na kazi."

Mzee Asheri aliichukua, akaigeuza, akatazama matundu ya waya, mapya, hayajawahi kuingiwa na kitu.

"Siku ile," akasema polepole. "Mbele ya watu wote wale. Nilikuwa nawasha nini?"

"Niliwasha mimi, mzee. Nilikuwa nyuma ya mlango, nangoja hotuba iishe."

Nilimwonea huruma, na hilo liliniudhi sana. Alikuwa mzee tu, ameshika kitu cha mtoto wake asiyekuja nyumbani hata Krismasi. Salha akatoa ile ncha ya msumari mfukoni, akamwekea kiganjani kwa adabu, kwa mkono wake wenye vidole viwili vilivyokakamaa.

"Msumari wako ulikutana na ya kijivu, baba," akasema. "Ungekutana na hii, mama Viki asingekuwa na mtu mgongoni."

Mzee aliutazama msumari, kisha akamtazama mjukuu wangu, muda mrefu. Mtoto akapiga chafya. Mzee akaweka vyote viwili kwenye mfuko wa koti, breka na msumari, akafika mpaka mlangoni, akasimama.

"Katibu," akasema, bila kugeuka. "Hilo usiliandike."

"Ndiyo, baba," nikamjibu, kwa mazoea ya miaka yote. Salha alikuwa anavaa glavu. Nilimwona akisita, kidole nusu kimeingia.

Nikafungua daftari. Niliandika yote, pamoja na mkono wangu uliopanda siku ile. Nikatia tarehe, nikatia jina langu chini.